Darini kwa Mama Sakina

Tulimzika Bwana Murtaza siku ya Jumatano, katika mvua ile ya Aprili ambayo haijaamua kama ni mvua au theluji, na Ijumaa nikaenda Thornhill kukaa na mjane wake. Binti yangu Neema ndiye aliyenipeleka, maana huko bila gari hufiki popote, na njiani akaniuliza kwa Kiingereza huyo marehemu alikuwa nani hasa kwetu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba alikuwa bosi wangu wa kwanza Kanada, kazi yetu ilikuwa kuwatoa rakuni kwenye nyumba za watu, na bila yeye wewe ungekulia Morogoro. "Okay," akasema, akaongeza sauti ya redio. Sebule tuliikuta imejaa. Wanawake walikaa juu ya shuka nyeupe zilizotandikwa sakafuni, wanaume walikuwa chini kwenye besimenti, na kila aliyemzungumzia marehemu alitaja masikio yake: jinsi alivyoanza uziwi akiwa bado na nguvu zake, jinsi alivyoacha kuwafundisha watoto Kurani kwa hiari yake kabla hajaambiwa na mtu, jinsi alivyovumilia miaka kumi na minane ya kupigiwa kelele bila kununa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikashindwa kukinywa. Habari ya masikio ya Bwana Murtaza naijua mimi kuliko wote waliokuwa mle ndani, na hadi siku ile sikuwahi kumwambia mtu.

Mwaka ninaousema ulianza Septemba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nakaa Malvern katika chumba cha besimenti chenye dirisha la ukubwa wa trei, na kitu pekee nilichokiona dirishani ni magurudumu ya gari la mwenye nyumba. Neema alikuwa na miaka mitatu, yuko kwa mama yangu, na kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu, kumleta. Wakili alishaniambia faili langu ni jepesi, kwamba nikipata barua ya mwajiri inayosema nina kazi ya kudumu, mambo yatakwenda. Nilishafagia maofisi, nilishapanga mashati dukani, na kote nilikoomba barua niliambiwa subiri. Bwana Murtaza nilimpata kwa kuulizia tu. Alinitazama toka juu hadi chini kama mtu anayepima kitambaa, akauliza, "Binti, unaogopa giza?" Nikasema siogopi. "Unaogopa uchafu?" Nikasema siogopi. "Basi mwili wako unatufaa. Mimi tumbo langu halipiti tena." Nilipotaja barua alicheka kidogo. "Nitakuandikia, mwaka ukitimia. Wawili niliwaandikia mapema, wakaniacha na ngazi mkononi." Nikawa na safari ya Septemba hadi Septemba, na kila mwezi uliokwisha niliuchana kwenye kalenda kabisa, sikuukata kwa kalamu tu.

Kwa asiyemjua, rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka aliyeshiba, ana doa jeusi machoni kama mtu aliyefunga kitambaa, na mikono yake ina vidole vinavyoweza kufungua kifuniko cha pipa la taka. Huku mjini hakai msituni. Anapanda kwenye nyumba, anang'oa ubao chini ya ukingo wa paa, anaingia darini, na huko kwenye pamba ya rangi ya waridi ya kuzuia baridi anajifanyia kitanda. Sheria hairuhusu umkamate ukamtupe mbali, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumfanya atoke mwenyewe. Tunaziba kila tundu kwa wavu wa chuma, tunaacha moja, na kwenye hilo moja tunafunga kijilango chenye bawaba kinachofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani tu. Usiku anatoka kutafuta chakula, akirudi anakuta mlango umemkataa. Atahangaika siku mbili tatu, kisha atahamia kwingine. Ni kazi safi, ila majira ya kuchipua jike huwa na watoto, na ukimfungia nje umewafungia watoto ndani. Ndiyo maana Bwana Murtaza alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Ukifika darini, zima tochi, lala kifudifudi, kaa kimya kwa nusu saa mpaka watoto wasahau kwamba umo. Wakikusahau watalia, kwa sauti nyembamba kama ya bawaba isiyotiwa mafuta. Ukiwasikia, unatambaa hadi walipo, unawatoa kwa mkono mmoja mmoja, unawaweka kwenye sanduku lenye joto juu ya paa, na mama yao atakuja kuwahamisha mwenyewe. Alinifundisha nisome kitu kirefu moyoni ili nusu saa isinidanganye. Yeye alisoma sura. Mimi nilisema jedwali la kuzidisha mpaka la kumi na mbili, kisha nikalirudia.

Saa za chakula tulikula kwake. Alikuwa mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kilinipita mimi niliyesomea shule za Morogoro, na mkewe, Mama Zainab, alipika kama ambaye hajawahi kuondoka: mihogo ya nazi, mbaazi, mkate wa sinia Ijumaa, chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukuchoma koo. Nilivua ovaroli pale gereji, na buti kwenye korido ndefu yenye kabati la viatu, nikaingia jikoni na soksi, na mara nyingi nilisikia mazungumzo yao kabla hawajaniona. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake wa lugha. Wakitaka mimi nisielewe, walisema Kikachi, lugha ya wazee wao kutoka India. Wakitaka binti yao Zainab asielewe, walisema Kiswahili, maana yeye alijibu kila kitu kwa Kiingereza na Kiswahili chake kiliishia kwenye chakula. Kwa hiyo siri zilizomhusu Zainab niliambulia zote, na za kwangu sikuambulia hata moja. Nilipenda sana kukaa pale. Hata sasa nikisikia harufu ya nazi inayochemka nakumbuka mlango wa lile jokofu, uliojaa ratiba za darasa la Kurani la Bwana Murtaza la Jumamosi mchana, majina ya watoto thelathini na kitu, na mbele ya kila jina alama ndogo ya kalamu nyekundu kwenye aya aliyokosea. Watu walisema mtoto akikosea herufi moja katika kundi la watoto kumi wanaosoma pamoja, yeye atamnyooshea kidole bila kugeuka.

Mama Sakina alikuwa mtu wa jamii yao, anakaa mitaa mitatu kutoka kwao, nyumba kubwa ya matofali. Mwishoni mwa Aprili alipiga simu kwamba juu ya chumba cha watoto kuna kitu kinatembea, na Jumamosi ya wiki hiyo jioni ana khitima ya arobaini ya mkwewe, wageni mia. Tulifika Jumamosi yenyewe asubuhi. Jikoni kwake masufuria ya pilau yalikuwa yameshabandikwa, shangazi zake wanamenya vitunguu, na yeye alitufuata hadi kwenye ngazi akisema, "Murtazabhai, tafadhali, saa nne muwe mmeshuka, nikate nyama kwa amani." Nilipanda mimi. Lakini siku hiyo nilikuwa na saa nne ya kwangu. Kule Morogoro itakuwa saa kumi na moja jioni, mama yangu atakuwa amempeleka Neema kwa jirani mwenye simu, na mimi nitapiga kutoka kwenye kibanda cha simu pale madukani kwa kadi ya kukwangua. Jumamosi tatu mfululizo tulikuwa tumekosana, mara mtandao, mara jirani kasafiri, mara kadi imekwisha kabla mtoto hajafika. Mama alishaniambia kwamba mtoto sasa akiulizwa mama yako yuko wapi anaonyesha picha ukutani. Nililala kifudifudi, nikazima tochi, nikaanza jedwali. Nilipofika la tano nikawasha saa ya mkononi, nikaona ni saa nne kasoro robo. Na hapo, kwenye pembe ya mbali kabisa, ambako paa linashuka mpaka mtu anapita kwa tumbo tu, nikasikia.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuja mara mbili, ikanyamaza. Nimejaribu miaka yote hii kujiambia kwamba ilikuwa bomba, na kwa kweli kulikuwa na bomba la maji ya moto upande ule, na jikoni walikuwa wamefungulia maji. Lakini nilijua. Nilijua pia kwamba nikisema nimesikia, itabidi nitambae mimi hadi kule, nani mwingine angepita, na kuwatoa mmoja mmoja ni kazi ya saa mbili, na huku mtoto wangu amekaa kwenye mkeka wa jirani anangoja simu isiyolia kwa Jumamosi ya nne. Nikashuka. Bwana Murtaza alikuwa chini ya ngazi ameshika wavu. "Vipi?" akauliza. Nikasema, "Hakuna kitu, mzee." "Umelala?" "Nimelala." Akatazama saa yake, na nakumbuka hili kwa uchungu kuliko yote, akasema, "Si siku yako ya kumpigia mtoto? Nenda. Wavu wa ndani nitafunga mwenyewe, nitajibana."

Nilikimbia na ovaroli. Simu iliita mara ya kwanza tu ikapokelewa. Nikasikia mama akisema, "Haya, msalimie mama, sema shikamoo." Kukawa kimya. Nikasikia pumzi yake, kweli nilisikia pumzi, masikio yangu yalikuwa mazuri mno asubuhi ile. Nikamwita, Neema, Neema mwanangu. Akamwambia bibi yake, si mimi, "Simtaki." Mama akaanza kucheka kwa aibu, akisema ni usingizi, ni utoto, na kadi ikaisha. Nilirudi kwa Mama Sakina polepole. Bwana Murtaza alikuwa ameshashuka, uso umejaa vumbi, anafuta magoti. "Nami nimelala kidogo," akasema. "Kimya." Nikajua kwamba wale watoto, baada ya watu wawili kutambaa mle darini, wangenyamaza hata saa nzima. Angelala kwa nusu saa yake yote angewasikia, ila nyama ilikuwa inangoja kukatwa, na mimi nilishamwambia hakuna kitu. Tukafunga kijilango. Akamweleza Mama Sakina kama alivyowaeleza wateja wote: mkisikia vurugu juu ya paa msiogope, atahangaika siku mbili tatu, kisha ataondoka.

Kwa hiyo yule mwanamke hakupiga simu. Jumapili yule jike aling'oa vigae, Jumatatu akang'oa bomba la mvua, na wao wakasema ndivyo Murtazabhai alivyotuambia. Simu ilikuja Jumatano asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye gari naye, na alikuwa ameiweka kwenye spika. "Murtazabhai," alisema Mama Sakina, "kulikuwa na kitu kinalia ukutani kwa watoto. Tangu Jumapili. Sasa kimenyamaza. Na kuna harufu." Bwana Murtaza akageuza gari, tukaenda moja kwa moja. Alisogeza kitanda cha mtoto, akakata ukuta wa jasi kwa kisu, na mle ndani, walikokuwa wameanguka wakimtafuta mama yao gizani, walikuwemo wanne. Wawili macho yalikuwa hayajafunguka. Alivua koti lake, akawafunga humo. Tulipotoka, yule jike alikuwa amekaa juu ya uzio wa nyuma mchana kweupe, jambo ambalo huwa hawafanyi, na alipotuona hakukimbia. Sipendi watu wanaolinganisha wanyama na watoto wa binadamu, hasa huku, ambako mbwa ana bima. Lakini nilishindwa kumtazama.

Ndani ya gari Bwana Murtaza alikaa na ufunguo mkononi bila kuliwasha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshaufungua. Yeye akasema, "Masikio yangu yamekwisha, Rehema." Nikasema, "Hapana, mzee." Akasema, "Nililala pale juu kabisa ya ukuta ule. Watoto wanne. Wewe bado mgeni wa kazi, ungeweza kukosa. Mimi nina miaka ishirini nafanya hivi." Nilihesabu miezi kwa haraka: Mei, Juni, Julai, Agosti. Nikafunga mdomo. Kwa Mama Sakina alisema kosa ni lake peke yake, akatengeneza paa na ukuta kwa gharama yake, na jina langu halikutajwa popote.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa koridoni navua buti nilipowasikia jikoni. Walikuwa wakisema Kiswahili, kwa hiyo nilijua Zainab yumo. "Kesho siendi," alisema Bwana Murtaza. Mkewe akamuuliza anaumwa. "Siumwi. Mtoto akikosea herufi nitajuaje? Nitamwacha aende nayo mpaka uzeeni, nami ndiye niliyemfundisha." Mama Zainab akasema kwa ukali kidogo kwamba panya wa darini na Kurani ni vitu viwili. "Sikio ni moja," akajibu mumewe. "Siwezi kukaa mbele ya watoto wa watu na sikio lisilosikia." Nilisimama pale na buti moja mguuni. Kulikuwa na hatua kama sita kutoka nilipokuwa hadi mezani. Nikalifungua lile kabati la viatu na kulifunga kwa kishindo ili wajue nimefika, nikaingia, nikala mkate wa sinia. Siku chache baadaye ratiba zilitoka kwenye jokofu, na mlango wake ukabaki mweupe.

Kuanzia hapo watu wakaanza kumpandishia sauti. Kwanza mkewe, kwa wema tu, kisha jamaa, kisha kila mtu. Naye akaanza kuishi kama kiziwi. Alikuwa akinigeuzia uso mzima nikisema, na mara nyingi nilijua amenisikia vizuri, ila alikuwa ameacha kujiamini, akaniomba nirudie. Hakupanda tena darini. Nilipanda mimi peke yangu majira yote yale, nikilala nusu saa kamili, wakati mwingine saa nzima, na niliwatoa watoto wengi kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyenipunguzia kitu. Septemba, mwaka ulipotimia, alinipa bahasha. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kubangaiza. Nilitazama jina langu, nikatazama sahihi yake, nikaikimbiza kwa wakili. Neema alifika baada ya miezi kumi, akanipa mkono uwanja wa ndege kama anayesalimia mwalimu. Nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee Scarborough, nikamuaga Bwana Murtaza, na tangu hapo nilikuwa nampelekea keki kila Idi, nazidi kuchelewa kila mwaka, mpaka ikawa naituma kwa mtu.

Ijumaa ile ya matanga nilibaki mpaka wageni wakaondoka. Neema na Zainab walikuwa sebuleni wanakunja shuka, mimi na Mama Zainab jikoni, yeye anaosha, mimi nafuta. Mikono yake imekuwa midogo. "Ajabu ni kwamba mwishoni yalimrudia," akasema. Nikamuuliza nini. "Masikio. Daktari alikuwa nje mlangoni anamnong'oneza Zainab kwamba zimebaki siku mbili tatu. Mimi niko kando ya kitanda sisikii kitu. Yeye kafumba macho, akasema, mwambieni asijisumbue kunong'ona, nimeshasikia." Alitabasamu. Aliona ni rehema ya Mungu. Nikaweka sahani chini, nikamwambia. Nilimwambia yote, la darini, la simu, la ndani ya gari, la koridoni. Nilisema huku natazama bomba la maji, kwa sababu lilikuwa linatiririka na yeye hakulifunga.

Alipolifunga aliuliza, "Kwa hiyo ulisikia." Nikasema nilisikia. "Na ukamwacha aseme masikio yake." Nikasema ndiyo. "Kwa sababu gani?" Nikasema barua. Nilikuwa naogopa angenifukuza kabla mwaka haujatimia, nikose barua, nimkose mtoto. Mama Zainab alinitazama kana kwamba nimesema Kikachi kibovu. "Barua gani?" akasema. "Ile niliichapa mimi. Wiki ya Nairuzi yetu, mwezi wa tatu, kabla kazi za paa hazijaanza. Alisema, nikianguka huko juu nani atamwandikia binti wa watu? Ilikaa hapa." Akavuta droo iliyokuwa usawa wa kiuno chake, ya vijiko, akaisukuma tena. "Ungemwambia, Rehema. Angenuna siku mbili. Ya tatu angenituma nikuite uje ule." Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akajifuta, akasema tena, kwa sauti ya chini sana, "Miaka kumi na minane nampigia kelele mume wangu. Chai tayari, kwa kelele. Njoo ulale, kwa kelele. Kila neno." Hakulia. Alifungua sufuria, akanipakulia mihogo kwenye kopo tupu la mtindi, kama zamani, akanikabidhi bila kunitazama, akaenda kuwasaidia watoto na shuka.

Nyumbani nilitoa faili la makaratasi ya Neema chini ya kitanda. Nakala ya barua ilikuwamo, karatasi ya kwanza kabisa, na nilikuwa sijaisoma tangu siku nilipopewa. Tarehe yake kweli ni ya Machi. Inasema nimeajiriwa tangu Septemba na kwamba nafasi yangu ipo kwa muda wote nitakaotaka. Inasema mimi ni hodari na nachukua kazi nzito. Kisha kuna mstari ambao wakili hakuuhitaji na mtu yeyote wa ofisini asingeuhitaji, nao unasema kwamba Rehema akishuka akaniambia darini hakuna kitu, mimi huamini. Kutoka chumba cha pili Neema aliuliza, kwa Kiingereza chake, kama nimesema kitu. Nikamjibu sijasema kitu.